Siri za Watu na Bei Yake

Katika stendi ya Tukuyu, kama katika stendi zote zilizo kando ya barabara ya Mbeya kwenda Kyela, mtu angojaye basi hupenda kupoza muda kwa habari za watu. Tangu miaka ya 1990 habari hizo zilivuma katika magazeti ya udaku. Siku hizi nyingi huja katika simu. Wachumaji wa chai wa Katumba nao huzisoma, wala hatuwacheki. Lakini ni wachache waulizao siri hiyo ilipatikanaje.

Huko Uingereza alikuwako mwandishi aliyeitwa Sean Hoare, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika umbea wa waimbaji na wachezaji sinema katika The Sun, na baadaye katika News of the World. Mwenyewe alisimulia kwamba alilipwa akatumie dawa za kulevya pamoja na wanamuziki. Ujira wa namna gani huo! Afya yake iliharibika, na gazeti likamwachisha kazi.

Mwaka 2010 aliliambia The New York Times kwamba gazetini mwao ujumbe wa simu za watu ulisikilizwa kwa wizi, na kwamba mhariri wake, Andy Coulson, alijua na alihimiza. Coulson, ambaye wakati ule alikuwa mkuu wa mawasiliano wa Waziri Mkuu David Cameron, alikana.

Maadamu waliosikilizwa walidhaniwa kuwa ni wakubwa na nyota tu, wengi hawakujali. Ndipo tarehe 4 Julai 2011 The Guardian lilipofichua kwamba ilisikilizwa pia simu ya Milly Dowler, binti wa miaka 13 aliyetoweka mwaka 2002 na kukutwa ameuawa, tena wakati ambapo wazazi wake walikuwa wangali wakimtafuta. Nchi nzima ilichukizwa. Tarehe 10 Julai News of the World, lililoanzishwa mwaka 1843, lilitoa toleo lake la mwisho. Siku nane baadaye Hoare alikutwa amekufa nyumbani kwake, ini lake likiwa limeharibiwa na ulevi. Mwaka 2014 Coulson alihukumiwa kifungo cha miezi 18.

Na wafanyakazi je? Wapatao 200 walipoteza kazi, na wengi wao hawakugusa simu ya mtu. Rebekah Brooks, aliyekuwa mhariri mwaka 2002 na mkuu wa kampuni mwaka 2011, alijiuzulu, akashtakiwa, na mwaka 2014 mahakama ikamwona hana hatia. Mwaka 2015 alirudishwa katika ukuu wa kampuni. Hao 200 hakuna aliyewaitia karamu ya kuwarudisha.

Kwetu Tanzania, ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeunda Tume ya kupokea malalamiko. Mchumaji chai wa Rungwe ambaye mambo yake ya ndani yametangazwa pasipo ridhaa yake anayo haki ya kuyapeleka huko, sawasawa na mwimbaji mashuhuri wa Dar es Salaam.