Waya Upitao Ndani ya Kioo

Kila mwenye nyumba huku Jego, karibu na Vanga, ajua kwamba chemni ya taa ya mafuta ikiisha kupata moto, tone moja la mvua latosha kuipasua. Sababu ni kwamba mahali palipopoa hunywea ghafula, na penye moto pasinywee. Kioo hakiwezi kuvumilia mvutano huo.

Basi na tuitazame globu ya umeme ya namna ya zamani, ile yenye uzi ndani. Uzi huo hupata moto kupita nyuzi 2,000, nao ungeungua mara moja kama hewa ingeufikia. Lakini umeme sharti uingie, na njia yake ni nyaya mbili zilizoshikwa na kioo chenyewe. Taa ikiwashwa, waya na kioo hutanuka, ikizimwa hunywea. Visipokwenda pamoja ufa hutokea, hewa ikaingia, na taa imekufa.

Fimbo ya shaba ya mita 1, ikiongezewa moto wa nyuzi 100, hurefuka kama milimita 1.7, ya chuma 1.2, ya kioo cha taa 0.9 hivi. Platini nayo ni 0.9. Kwa hiyo globu za kwanza zilitiwa nyaya za platini, madini ya thamani kubwa mno kwa kitu ambacho mwisho wake ni jaani.

Mwaka 1896 Charles Édouard Guillaume, Mswisi aliyefanya kazi katika Ofisi ya Kimataifa ya Vipimo karibu na Paris, aligundua kwamba chuma kilichochanganywa na nikeli sehemu 36 katika 100 karibu hakitanuki kabisa. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1920. Nikeli ikizidishwa, kutanuka nako huzidi, hata fundi aweza kuchagua kiasi akitakacho. (Nikeli si mgeni kwetu: huko Kabanga, Ngara, Tanzania, imo nyingi ardhini.) Mwanzoni mwa miaka ya 1910 Colin Fink, Mmarekani, alitengeneza waya wenye moyo wa chuma na nikeli, na ngozi ya shaba. Shaba hushikamana vema na kioo, na moyo huizuia isitanuke kupita kiasi. Waya huo huitwa Dumet.

Asidhani mtu kwamba taa za LED zimeumaliza. Ndani ya redio nyingi mna daiodi, kidude cha kioo kisichozidi punje ya mchele, ambacho nyaya zake hufungwa kwa Dumet ili unyevu usipenye. Na sisi wa pwani twajua upepo wa chumvi ufanyavyo chuma.

Mwenye globu angavu iliyokufa asiivunje, bali aiinue juani. Pale waya uingiapo katika kioo ataona kipande chekundu, kifupi kuliko kucha. Wekundu huo ndio ngozi ya shaba.