Wafu Wasio na Makaburi wa Thessaloniki

Zamani bandari ya Thessaloniki, kaskazini mwa Ugiriki, ililala kila Jumamosi. Makuli wake walikuwa Wayahudi, na Sabato yao ilimgusa kila mwenye shehena, awe Mturuki au Mgiriki, kwa kuwa kuli asipokuja mzigo haushuki. Wahenga wao walifukuzwa Hispania mwaka 1492. Walikuja na lugha yao, Kiladino, na mayai ya Sabato yanayopikwa usiku kucha kwa moto mdogo, pamoja na maganda ya vitunguu, mpaka yageuke kahawia.

Mgeni anayewatafuta leo huanzia Uwanja wa Eleftherias, yaani Uwanja wa Uhuru; jina la kejeli kwa yaliyotokea hapo. Julai 11, 1942, Wajerumani walioukalia mji katika Vita vya Pili vya Dunia walikusanya wanaume wa Kiyahudi wapatao 9,000, wakawasimamisha juani na kuwadhalilisha hadharani. Desemba ikafuata zamu ya wafu: maziara ya Kiyahudi yenye makaburi yanayokadiriwa kuzidi 300,000 yalivunjwa. Mawe yake yakatumika kujengea kuta, kusakafia nyua, hata kukarabati makanisa. Chuo Kikuu cha Aristotle kimetanda juu ya ardhi hiyo, na mnara wa kumbukumbu haukuwekwa chuoni mpaka 2014. Uzembe tu hauwezi kueleza ukimya wa muda huo wote.

Myahudi akizuru kaburi huacha kijiwe juu yake. Sasa wa Thessaloniki akiache wapi? Treni ya kwanza iliondoka Machi 15, 1943 kuelekea Auschwitz-Birkenau, na kufikia Agosti zaidi ya watu 45,000 walikuwa wamesafirishwa, karibu jumuiya nzima. Wengi waliuawa kwa gesi siku ileile ya kufika, wakachomwa. Kwa hiyo jiji limejitungia desturi nyingine: tangu 2013, kila Machi, watu hutembea kutoka uwanjani hadi stesheni ya zamani ya reli, na miongoni mwao wamo wengi wasio Wayahudi. Binafsi naona miguu hiyo ina uzito kuliko sanamu yoyote ya shaba.

Sinagogi ya Monastir ilinusurika kwa sababu Msalaba Mwekundu uliitumia wakati wa vita. Vipande vya mawe ya makaburi vyenye herufi za Kiebrania bado huibuka mafundi wanapobomoa kuta kuukuu. Baadhi ya mawe yaliyookolewa yako katika Makumbusho ya Kiyahudi ya jiji, na majina yake yanasomeka.