Mkono Utakuwa Wapi Chupa Ikivunjika?

Kisoda kina meno 21. Wanaocheza drafti vijiweni wamevisukuma visoda vingi sana bila kuyahesabu, na hawana sababu ya kuyahesabu, lakini kazi yote ya kifuniko hiki imo katika meno hayo. Kabla hakijafungwa, kisoda ni kisahani cha bati lenye unene wa karibu robo milimita, pindo lake limetanuka hadi upana wa milimita 32 hivi. Kikishafungwa, upana huo umepungua hadi 28 na ushei. Anayedhani kufunga chupa ni kukandamiza kifuniko juu ya mdomo ameona nusu ya kazi. Meno yote yanatakiwa kukunjwa kwa pamoja yaingie chini ya ukingo wa kioo, na wakati huohuo ule utando wa plastiki ulio ndani ya kisoda uwe umebanwa barabara. Safari nzima haizidi milimita sita.

Aliyebuni kifuniko hiki ni William Painter wa Baltimore, Marekani, aliyepewa hataza yake Februari 1892. Cha kwake kilikuwa na meno 24 na kipande cha gome la mwaloni-kizibo ndani badala ya plastiki. (Mmoja wa wauzaji katika kampuni yake alikuwa King Camp Gillette, ambaye Painter alimshauri abuni kitu ambacho mtu akikitumia anakitupa na kununua kingine. Gillette akaja na wembe.) Painter aliwawazia wenye viwanda na mashine zao. Mtu mwenye chupa hamsini na meza ya jikoni hakuwamo kwenye hesabu.

Leo mtu huyo yupo kila mahali: anayetengeneza sosi ya pilipili, mvinyo wa rozela au wa ndizi, kinywaji cha tangawizi. Chupa anazipata za mitumba, visoda ananunua kwa mfuko, na kifaa cha kufungia ama ameagiza, ama amechongewa na fundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam, wa Kamukunji jijini Nairobi au wa mtaa wa SIDO, shirika la viwanda vidogo la Tanzania, ulio karibu naye. Nimeviangalia vifaa vingi vya aina hii, na karibu vyote vimejibu vizuri swali la kwanza, yaani kisoda kitakunjwaje. Swali la pili halijaulizwa kabisa: chupa ikivunjika katikati ya kazi, mkono wa mtu utakuwa wapi? Chupa itavunjika. Huenda isiwe leo, lakini katika kazi ya kukandamiza vioo vilivyokwishatumika, ipo moja inayosubiri. Mbunifu anayeanza na swali hilo atatengeneza kifaa tofauti kabisa na yule anayeanza na kisoda.

Tuanze na kioo chenyewe. Kioo kikibanwa, huvumilia mno. Kikivutwa au kupindwa, ni dhaifu. Sababu yake ni mikwaruzo, hata ile isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alichapisha maelezo yake kwamba ufa mdogo hukusanya mkazo kwenye ncha yake, na ukivutwa kupita kiwango fulani hukimbia wenyewe bila kungoja kusukumwa tena. Ukibanwa, ufa hujifunga; ukivutwa, hufunguka. Itazame chupa ya soda iliyozunguka madukani miaka kadhaa, utaona mikanda miwili ya weupe mabegani na karibu na kitako, mahali chupa zinaposuguana kretini. Huko ndiko nyufa zilikojaa. Kwa hiyo mtu anayefunga chupa za mitumba anatakiwa kuhakikisha kwamba nguvu yote inashuka wima kutoka mdomoni hadi kitakoni, bila kupinda shingo hata kidogo. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini vifaa vitatu vinavyopatikana sokoni havilingani kwa hatari.

Cha bei ndogo kabisa ni kikombe cha chuma unachokiweka juu ya kisoda na kukigonga kwa nyundo. Ubaya wake ni wa kihesabu. Nyundo ya nusu kilo inayoshuka kwa kasi ya mita nne kwa sekunde ina nishati ya jouli nne. Nishati hiyo ikimalizikia katika milimita mbili za kukunja bati, kani ya wastani ni kama uzito wa kilo 200, na kisoda kinafunga vizuri tu. Shida huja mtu anapoongeza pigo la pili "kwa uhakika". Bati limekwisha kukunjika, hakuna kilichobaki cha kula ile nishati. Nyundo inalazimika kusimama ndani ya sehemu ndogo ya milimita, kani inapanda mara kadhaa, na yote inapokewa na kioo. Pigo likienda upande kidogo, shingo inapindwa. Wanaoibana chupa katikati ya magoti wakati wa kugonga wana hatari nyingine tena. Chupa iliyojaa ikisukumwa chini ghafla, kioo hutangulia na kimiminika hubaki nyuma kwa kitambo kidogo mno. Mapovu matupu huzuka juu ya kitako, kisha huporomoka kwa nguvu inayoweza kukitoa kitako chote. Ni mchezo unaojulikana wa watu kupiga mdomo wa chupa kwa kiganja na kuangusha kitako chake. Sikatazi nyundo kwa mtu wa chupa tano za sikukuu, mradi chupa ikae juu ya meza imara. Kwa kazi ya kila siku singempa mtu ninayempenda.

Cha pili ni chenye mikono miwili. Taya zake hushika shingo chini ya pete ya kioo, nawe unashusha mikono yote miwili kama mabawa. Kina uzuri wa kihandisi, maana nguvu inazunguka ndani ya shingo tu, kati ya pete na mdomo, na sehemu iliyobaki ya chupa haihisi kitu. Lakini hapohapo ndipo penye kasoro. Mzigo wote umewekwa kwenye sehemu nyembamba, umetegemea pete ambayo chupa nyingine hazina au zinayo ndogo, na mkono mmoja ukitangulia mwingine, shingo inapindwa. Shingo ikikatika, mikono yote miwili ya mfanyakazi ilikuwa inasukuma chini kwa nguvu, mmoja kila upande wa kioo, na kifua kimeinama juu yake. Jibu la lile swali letu ni baya kuliko lote linalowezekana: mikono iko pale pale.

Kinabaki cha mezani: nguzo, kitako cha kuwekea chupa, kikombe kinachoshuka wima na wenzo mmoja. Hapa nguvu inapita chupa nzima kutoka juu hadi chini kwa kuibana, hali ambayo kioo kinaipenda. Wenzo wenye sentimita 60 kutoka kwenye egemeo hadi mkononi, na sentimita 6 kutoka kwenye egemeo hadi kikombeni, unazidisha nguvu mara kumi. Tuchukulie kisoda kinadai kilo 200. Mtu atasukuma kilo 20, na mkono wake utashuka sentimita sita wakati kikombe kinashuka milimita sita. Hesabu ni rahisi na fundi yeyote anaijua. Ningependa tukae zaidi kwenye yale ambayo fundi huwa hayapi muda.

La kwanza ni vidole. Mtu huweka kisoda mdomoni kwa mkono wa kushoto na kuanza kushusha wenzo kwa mkono wa kulia kabla kidole hakijaondoka. Dawa yake ni sumaku ndogo katikati ya kikombe. Kisoda ni chuma. Kinapachikwa juu kikombeni wakati chupa haijaingia, na kidole hakina tena sababu ya kuwa mdomoni. Ile tabia ya kushika shingo "isiyumbe" nayo inaondolewa kwa duara lililochimbwa kwenye kitako cha kifaa, lenye upana unaotosha chupa kukaa katikati bila kushikwa. Duara hilo liwekewe kipande cha mpira mgumu au mbao ngumu. Wanaofunga sosi ikiwa ya moto watalishukuru, kwani chupa yenye joto kali ikitua juu ya bamba la chuma baridi inaweza kupasuka kabla hujagusa wenzo. Chupa za kawaida zina mashaka tofauti ya joto ikifika nyuzi 40 hivi kwa ghafla.

La pili, nalo ndilo lenye utamu wa kihandisi, ni namna ya kukifanya kifaa kiache kusukuma. Mafundi wengi huweka kizuizi: wenzo ukifika hapa, unagonga chuma na kusimama. Ni wazo zuri ambalo halitoshi. Chupa mbili za aina moja zinaweza kupishana urefu kwa milimita moja au zaidi, na safari yetu yote ni milimita sita. Kizuizi kilichopimwa kwa chupa fupi kitaibana chupa ndefu kupita kiasi. Kilichopimwa kwa ndefu kitaiacha fupi na kisoda kilegevu. Ufumbuzi ni kuweka springi ngumu kati ya wenzo na kikombe, iliyokazwa tangu mwanzo kwa kani inayotakiwa kukunja meno. Mpaka hapo springi haibonyei, kifaa ni kama chuma kitupu. Kani ikizidi, springi inabonyea, wenzo unaendelea kushuka na kikombe kinabaki kilipo. Washa zile zilizobonyea kama sahani, zikipangwa kwa jozi, zinafaa sana kwa kazi hii kwa sababu hutoa kani kubwa katika nafasi ndogo.

Kizuizi hakiondolewi hata hivyo, kinabadilishiwa kazi. Chupa ikisambaratika, upinzani unatoweka mara moja na mtu anayesukuma kilo 20 anaanguka mbele pamoja na wenzo. Kizuizi ndicho kinachomdaka. Kiwekwe chini kidogo tu ya mwisho wa safari ya chupa fupi kabisa, ili mkono usipate nafasi ya kushika kasi. Na wenzo wenyewe uzungukie ubavuni mwa kifaa, usiwe mbele ya chupa. Ukiachwa, springi nyingine nyepesi iurudishe juu. Wenzo unaoshuka wenyewe kwa uzito wake ni mtego.

La tatu ni kinga. Kipande cha bomba la chuma kilichopasuliwa dirisha upande mmoja, dirisha likafunikwa kwa plastiki ngumu ya polikaboneti, kinatosha kuizunguka chupa. Kioo cha dirisha cha kawaida hakifai hapa, kwa sababu ambazo msomaji ameshazikisia. Ukiwa na fundi mzuri, mwambie aiunganishe kinga na wenzo, ili wenzo ugome kushuka kama kinga iko wazi.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 12100, kinachohusu usalama wa mashine, kimepanga mambo haya kwa daraja: kwanza uondoe hatari kwa ubunifu wenyewe, kisha uweke kinga kwa hatari iliyobaki, na mwisho kabisa umpe mtumiaji maelekezo na maonyo. Vifaa vingi vya kufungia visoda vimeanzia mwisho na kuishia hapohapo. Ndani ya boksi kuna karatasi inayosema vaa glovu na miwani. Vaa, ndiyo, hasa miwani. Lakini karatasi haikai kati ya kioo na jicho, na saa kumi jioni, oda ikiwa imechelewa, glovu ndiyo ya kwanza kuvuliwa kwa kuwa inateleza.

Mambo ya mkono wenyewe niyapitie upesi. Mshikio uwe na unene wa milimita 30 hadi 40. Meza iwe na kimo ambacho mwisho wa msukumo unaishia chini kidogo ya kiwiko, ili uzito wa mwili usaidie na bega lisichoke. Kikombe kikerezwe kwa chuma kinachoweza kukazwa kwa moto, na ndani king'arishwe, la sivyo meno ya bati yatakikwaruza na kukwama.

Kuna kipimo kimoja ambacho kila mwenye kifaa anapaswa kuwa nacho, na hakina gharama. Kwa kisoda cha kawaida, upana baada ya kufungwa uwe kati ya milimita 28.6 na 28.8 hivi. Fundi akutobolee bamba la chuma matundu mawili: kisoda kipite kwenye la 28.8 na kikatae kwenye la 28.6. Kikikataa yote mawili, meno hayajakunjwa vya kutosha na gesi itavuja. Kikipita yote mawili, unabana kupita kiasi. Legeza springi kabla kioo hakijakujulisha. Usidharau ulegevu huo. Ndani ya chupa ya kinywaji chenye gesi nyingi, kwenye joto la kawaida la chumba, shinikizo linaweza kufika kilo nne kwa kila sentimita ya mraba, maana yake kisoda kinasukumwa kutoka ndani kwa zaidi ya kilo 12 usiku na mchana. Na kinywaji kilichofungwa kikiwa bado kinachachuka kitapandisha shinikizo hadi kitu kimoja kiachie.

Kifaa kikikamilika, kisikabidhiwe kwa mteja kabla hakijajaribiwa kwa jambo lililotufanya tukibuni. Chukua chupa mbovu, ikwaruze shingo kwa tupa mpaka alama ionekane, ijaze maji, ifunge kinga. Funga kamba kwenye wenzo, simama mbali, vuta mpaka ivunjike. Ikigoma, kaza springi kwa muda, kisha uirudishe ilipokuwa. Halafu tandaza gazeti na utafute vipande vimefika wapi: vingapi vimebaki ndani ya bomba, vingapi vimepita juu, kama kipo kilichofika pale mshikio unapoishia. Palipopita kipande, kinga irefushwe, kisha ivunjwe chupa nyingine.