Gurudumu Lishikapo Ardhi

Katika miezi ya masika, tangu Machi hata Mei, mtu apitaye migongo ya ardhi ya Murang'a iteremkayo kutoka safu ya Nyandarua kuelekea mashariki, katika njia za Kangema, Kiriaini na Kigumo, pale lami ikomapo na udongo mwekundu uanzapo, hakosi kuona gari limesimama katikati ya mwinuko, injini ikinguruma, gurudumu likizunguka kwa kasi ya ajabu, na gari lenyewe halisogei hata shubiri moja. Nguvu ipo, mafuta yapo, dereva ni hodari na abiria wana haraka. Kilichokosekana ni mapatano baina ya mpira na ardhi, na yakikosekana hayo, injini ya nguvu za farasi 300 haina fadhila yoyote juu ya injini ya farasi watatu.

Shida hiyo hiyo, ingawa katika mazingira yaliyo mbali sana na mashamba ya chai, ndiyo iliyowashughulisha Wamarekani kwa miaka mingi katika mashindano yao ya dragi, ambamo magari mawili husimama sambamba, taa hubadilika, na kila moja hujitupa mbele katika njia iliyonyoka yenye urefu wa robo maili, yaani mita 402. Mashindano hayo yalikuwa yakifanyika ovyo katika barabara za watu na viwanja vya ndege vilivyoachwa, hata mwaka 1951 Wally Parks alipoanzisha chama cha NHRA ili kuyatia katika kanuni na usalama. Mtazamaji mgeni hudhani kwamba mshindi hupatikana mwishoni, penye kasi kubwa. Lakini mafundi wa mchezo huo hutazama kwanza muda uliotumika katika mita 18 za mwanzo, kwa maana sehemu ya sekunde iliyopotea hapo aghalabu haipatikani tena, na gari lililoteleza mwanzoni humaliza mbio likimfuata mwenzake.

Sababu ya kuteleza haieleweki mpaka kwanza ifahamike sababu ya kushika. Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons alieleza mbele ya wanachuoni wa Paris kwamba msuguano baina ya vitu viwili hufuata uzito uvibanao, wala haujali ukubwa wa eneo vinapogusana. Kanuni hiyo ni sahihi kwa mbao na chuma, illa mpira umeiasi. Mpira hushika kwa njia mbili: kwanza chembe zake hunatana na chembe za barabara, na pili, kwa kuwa ni mlaini, huingia katika mashimo madogo ya kokoto za lami kama unga uliokandwa unavyoingia katika matundu ya chekeche, na kila unapolazimishwa kutoka humo hula nguvu nyingi. Kwa hiyo mpira uliokandamizwa juu ya eneo pana hushika kuliko uliokandamizwa mahali padogo kwa uzito ule ule, na mpira mlaini hushika kuliko mgumu. Nao mgumu, kwa upande wake, huishi umri mrefu. Mtengenezaji wa matairi ya magari ya kawaida huchagua maisha marefu, maana mnunuzi wake ana karo za watoto za kulipa. Mtengenezaji wa matairi ya dragi huchagua kushika, na mnunuzi wake hununua mengine upesi.

Baina ya matairi hayo ya mashindano kuna jamaa mbili zenye tabia mbalimbali. Jamaa ya kwanza, ambayo ni kongwe, ina nyuzi zilizopishana mshazari ndani ya mpira. Mashavu yake hukunjamana gari linapoondoka, na katika kukunjamana huko hupokea kishindo cha injini na kukigawa kidogo kidogo. Jamaa ya pili ni radiali, ambayo asili yake ni hati ya ubunifu iliyowekwa na kampuni ya Michelin ya Ufaransa mwaka 1946: nyuzi zake huenda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja wa tairi hadi wa pili, na chini ya uso wake hupita mikanda ya chuma. Matairi karibu yote ya magari madogo tuyaonayo leo Nyeri au Karatina ni ya jamaa hii. Radiali hubiringika kwa wepesi, haivimbi katika kasi kubwa, na hudumu muda mrefu. Radiali ya dragi ni ndugu yake aliyepewa mpira mlaini na mifereji michache, ili aweze kwenda barabarani kwa mujibu wa sheria za Marekani na jioni hiyo hiyo aingie uwanjani.

Lakini ndugu huyo hana subira. Tairi la nyuzi za mshazari likiteleza kidogo huweza kujirudi na kushika tena mbele ya safari, bali radiali ikishavunja mapatano yake na barabara ni shida kuirudisha, na dereva hulazimika kuondoa mguu kwenye mafuta na kuanza upya ilhali mwenzake yuko mbali. Hivyo ndivyo watu wengi walivyofunga matairi hayo ya thamani kubwa wakitarajia miujiza, wakapata moshi.

Dawa ya kwanza ni joto. Mpira wa namna hiyo ukiwa baridi ni mgumu na una vumbi. Kwa hiyo kabla ya kuondoka dereva hulizungusha gurudumu papo hapo, gari likizuiwa na breki za mbele, mpaka uso wa tairi uwe safi na upate kunata. Viwanjani huwekwa maji kidogo ili gurudumu lianze kuzunguka kwa urahisi. Hapo pana hila wasiyoijua wageni: tairi lisilo na mifereji hupita katika maji bila madhara, lakini radiali yenye mifereji huyabeba maji hayo na kuyadondosha penye mstari wa kuondokea, ikajilowesha yenyewe na kumlowesha ajaye nyuma. Mwenye radiali huyazunguka maji, akaligusisha tairi ukingoni tu au akajipasha joto pakavu, tena kwa muda mfupi, kwani kuzidisha joto hutoa mafuta ya mpira juu ya uso na kuufanya uteleze.

Dawa ya pili ni upepo. Tairi la gari dogo hujazwa kiasi cha ratili 32 kwa kila inchi ya mraba, na kwa kipimo hicho sehemu igusayo ardhi haizidi sana kiganja cha mtu mzima. Katika viganja vinne hivyo ndimo ilimo amana yote ya gari na waliomo. Watu wa dragi huishusha radiali yao hata ratili 20, au 15, ili uso ulale na eneo lipanuke. Kila kitu kina haddi yake: upepo ukipungua kupita kiasi, katikati ya uso huinuka, kingo peke yake hubeba mzigo, na eneo lililotafutwa hupotea. Na mtu asifanye hivyo akaingia barabara ya Kenol kwenda Murang'a kwa mwendo wa kawaida, kwa sababu tairi lenye upepo haba hupata moto mashavuni kwa kukunjwa kunjwa, hata likapasuka.

Ama dawa ya tatu haiuzwi dukani. Ni namna ya kuileta nguvu. Gurudumu hushika vizuri zaidi linapoteleza kidogo sana, asilimia chache tu zaidi ya mwendo wa gari, na likivuka hapo mshiko huanguka. Basi tadbiri yote ni kuifanya injini itoe nguvu kwa kadiri mpira uwezavyo kupokea katika kila hatua, haba mwanzoni, zaidi kadiri gari linavyopata mwendo. Mafundi wa radiali huchelewesha cheche za injini katika sekunde ya kwanza, hupunguza hewa ya turbo katika gia ya chini, na huzikaza shokamzoba ili gari lisiruke na kudunda. Dereva wa kijijini, asiyejua neno hata moja katika hayo, huanza kwa gia ya pili matopeni, akaiachia klachi polepole na mguu wake wa mafuta ukiwa mwepesi; kwa rai yangu, watu hao wawili ni wanafunzi wa chuo kimoja, na wa kijijini ndiye aliyesoma kwa gharama nafuu.

Hali ya nchi nayo inamsaidia dereva huyo wa kijijini. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu takriban asilimia 16 kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na turbo hupungukiwa na nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Mwenye gari hulalamika anapopanda kwenda Othaya, hali mlima wenyewe umekwisha kumpunguzia nguvu ambayo matairi yake yasingeweza kuitumia.

Imebaki mizani ya uzito, na hapa ndipo historia ya Afrika Mashariki inapotoa ushahidi mzuri kuliko wa viwanja vya Marekani. Gari linapojitupa mbele, uzito huhama kutoka magurudumu ya mbele kwenda ya nyuma. Chukua gari la kilo 1,400, ambalo kitovu cha uzito wake kiko nusu mita juu ya ardhi, na mita 2.6 zatenganisha akseli zake. Likiongeza mwendo kwa kadiri ile ile liongezayo jiwe lidondokalo, kilo 270 hivi huhamia nyuma. Ndiyo maana gari la dragi huonekana likiinua pua, na ndiyo maana husukumwa na magurudumu ya nyuma.

Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na katika miaka iliyofuata njia zake zilizunguka Mlima Kenya zaidi ya mara moja, na baadaye yakawa yakifanywa wakati wa Pasaka, mvua zikiwa zimepamba moto. Miaka 1954, 1957 na 1962 ushindi ulikwenda kwa Volkswagen, kigari cha umbo la kobe ambacho injini yake haikuzidi nguvu za farasi 40. Kwa hesabu ya nguvu hakikustahili kutajwa. Lakini injini yenyewe ilikaa nyuma kabisa, juu ya magurudumu yale yale yaliyosukuma, na uzito huo uliyagandamiza matopeni ambamo magari makubwa yenye injini mbele yalichimba makaburi yao. Matope hayo hayakuwa ya mzaha: mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili aliyeshinda alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404.

Huenda msomaji akauliza kama radiali laini ya dragi ingefaa katika mwinuko wa Kangema. Isingefaa hata kidogo, na kisa chake chafurahisha, kwani kila sifa yake ya lamini hugeuka kuwa aibu. Udongo mwekundu wa huku ni wa mfinyanzi, na mvua ikiuingia, maji hukaa baina ya chembe zake bapa na kuzifanya ziteleze moja juu ya nyingine. Mpira ukishika kwa nguvu zote, kilichoshikwa ni tabaka la juu tu, ambalo nalo linakwenda zake. Hapo latakiwa tairi jembamba likate matope mpaka lifikie ardhi ngumu, lenye meno marefu yaliyoachana ili yaweze kujisafisha, maana meno yakijaa udongo tairi limekuwa gogo la udongo. Walioona mbali zamani walifunga minyororo kwenye magurudumu. Na lori la kiwanda cha chai liendalo tupu kuchukua majani huteleza kwa wepesi kuliko lirudipo limejaa, kwa kuwa mzigo hulala juu ya akseli ya nyuma ambayo ndiyo isukumayo.

Wengine wametafuta njia ya kuyapa magurudumu yote manne kazi. Katika Safari jambo hilo lilithibitika mwaka 1987, Hannu Mikkola aliposhinda kwa Audi, gari la kwanza lenye kusukumwa na magurudumu manne kutwaa ushindi huo, na tangu hapo gari lisukumwalo na magurudumu mawili lilianza kukosa matumaini. Mapenzi ya vijana wa leo kwa Subaru zisukumwazo na magurudumu manne yana mizizi katika somo hilo, ingawa wengi wao huyatumia magari hayo kupiga kelele mjini, na baadhi kushindana usiku katika barabara za watu, tendo ambalo limekwisha kuua na halina utetezi.

Lakini gari lichukualo mizigo mingi katika vijiji hivi leo ni Probox, na Probox nyingi husukumwa na magurudumu ya mbele. Likiwa penye tambarare halina neno. Mwinuko unapokuja, uzito hurudi nyuma, magunia ya viazi nayo yamepakiwa nyuma, na magurudumu yanayofanya kazi hubaki mepesi. Dereva akizidi kukanyaga ndivyo yanavyozidi kuzunguka bure. Ajuaye hesabu yake hawashushi abiria wala haombi kusukumwa: hulirudisha gari bondeni, huligeuza penye nafasi, kisha hupanda mlima kinyumenyume, magurudumu yanayosukuma yakiwa sasa upande wa chini wa mteremko, ambako uzito wote unaelekea, naye amepinda shingo akitazama kioo cha nyuma mpaka lami ianze tena.