Kuhama kutoka Windows hadi Linux: Michezo, Kazi na Nafasi ya Kiswahili

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za kuudumisha mfumo wa Windows 10. Tarakilishi nyingi ambazo bado ni nzima haziwezi kupokea Windows 11 kwa kuwa hazitimizi masharti yake ya maunzi. Mwenye tarakilishi kama hiyo hulazimika ama kununua nyingine, ama kubakia na mfumo uliopitwa na wakati, ama kuhamia mfumo mwingine. Makala haya yanafafanua chaguo hilo la tatu.

Linux, kwa hakika, ni kiini cha mfumo endeshi, yaani sehemu inayopatanisha maunzi na programu. Kiliasisiwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Kiini hicho hufungashwa pamoja na programu nyinginezo na kusambazwa kwa majina kama Ubuntu, Debian na Fedora. Msimbo wake ni huria: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza.

Kwa muda mrefu, michezo ndiyo iliyowazuia wengi kuhama. Mchezo uliobuniwa kwa ajili ya Windows huomba huduma kwa namna ambayo Linux haiielewi. Mradi wa Wine, ulioanza mwaka 1993, ni mithili ya mkalimani: huyapokea maombi hayo na kuyafikisha kwa Linux kwa namna inayoeleweka. Mwaka 2018 kampuni ya Valve ilitoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine, na mwaka 2022 ikaanza kuuza Steam Deck, chombo cha michezo kinachoendeshwa na Linux. Hata hivyo, mkalimani naye ana mipaka. Valorant na Fortnite, kwa mfano, hazichezeki moja kwa moja katika Linux kwa sababu ya programu zake za kuzuia udanganyifu.

Katika kazi za teknohama, Linux si mgeni. Seva nyingi huutumia, na tangu Novemba 2017 tarakilishi zote katika orodha ya TOP500 ya tarakilishi zenye kasi zaidi duniani huendeshwa nao. Anayeutumia nyumbani huzoea amri zile zile atakazokutana nazo kazini. Anayetegemea Photoshop, kwa upande mwingine, hana budi kutafuta programu mbadala. Kwa hivyo ni busara kuhifadhi nakala za kazi zote kwanza, kisha kuujaribu mfumo kutoka kwenye flashi kabla ya kuusakinisha.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, uhuria huo una maana ya ziada. Mwaka 2004, mradi ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hilo liliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Istilahi huishi kwa kutumiwa. ‘Faili’ na ‘hifadhi’ zikisomwa kwenye skrini kila siku, hazihitaji kamusi kuzitetea. Mlango huo ungali wazi kwa yeyote aliye tayari kutafsiri.