Ng'ombe Aliyepona Ndigana Kali: Damu Yake Ina Nini?

Mkulima, unapokwenda sokoni kununua ng'ombe wa gredi, hutazama macho yake, manyoya yake na kiwele chake. Hayo ni mambo ya maana. Lakini liko jambo moja usiloweza kuliona. Ng'ombe aliyeugua ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe uletao homa na kuvimba tezi, huweza kupona, akanenepa na kutoa maziwa, huku vijidudu vingali katika damu yake. Kupe mchanga akimnyonya huvichukua, na akiisha kukua humwambukiza ndama wako.

Njia ya siku zote ya kupima ni kupaka damu juu ya kioo, kuitia rangi na kuitazama kwa hadubini. Njia hii hufaa ng'ombe akiwa mgonjwa. Lakini kwa aliyepona vijidudu ni vichache mno, tena hufanana na vya jamaa yake, Theileria mutans, ambaye kwa kawaida hana madhara makubwa. Kwa hiyo maabara hutafuta DNA.

DNA ni uzi mwembamba sana wenye maagizo ya maumbile ya kila kiumbe. Uzi huo una pande mbili zilizoshikana. Ukitiwa joto, pande huachana. Ukipoa, kila upande humshika mwenzake anayelingana naye.

Wataalamu hutengeneza kipande kifupi kinacholingana na DNA ya kijidudu cha ndigana kali, Theileria parva. Kipande hicho huitwa probu. Probu za vijidudu mbalimbali hupangwa kwa mistari juu ya utando kama karatasi. DNA iliyotoka katika damu huzidishwa kwanza, kisha hupitishwa juu ya utando huo. Inayolingana hunasa, isiyolingana huoshwa ikaondoka. Dawa maalumu huonyesha doa mahali iliponasa, na kwa doa hilo kijidudu hujulikana. Kazi ya namna hii ilienea baada ya Edwin Southern wa Uingereza kutangaza njia yake mwaka 1975.

Sasa wewe ufanye nini?

Kwanza, ng'ombe akiwa na homa, tezi za chini ya sikio zikavimba na akahema kwa shida, usingoje majibu ya maabara. Mwite daktari wa mifugo siku ile ile. Dawa hufaa zaidi ikitolewa mapema; asiyetibiwa huweza kufa katika wiki chache.

Pili, unaponunua ng'ombe, uliza kama amewahi kuugua ndigana kali au kuchanjwa. Aliyechanjwa kwa chanjo ya vijidudu hai naye huweza kubaki navyo.

Tatu, doa kwenye utando si hukumu ya kumchinja. Ng'ombe huyo huenda akaishi vizuri. Hatari iko kwa ndama na ng'ombe wageni walio karibu naye.

Basi ogesha mifugo yako kwa siku zilizopangwa, na kagua masikio, maana ndiko kupe huyu apendako kukaa. Probu huonyesha kijidudu kilipo, lakini haiui kupe hata mmoja. Kazi hiyo ni yako.