Mkopo wa Mchezaji: Kabla ya Kuufuta, Tuuelewe

Kuna rai inayosikika mara kwa mara kwamba mfumo wa kukopesha wachezaji upigwe marufuku. Wanaoitoa wana hoja, na wanaoipinga wana zao. Lakini kwa msomaji wa Kwale, ambako kijana wa Ukunda, Msambweni au Lungalunga huweza kubadilisha timu kila msimu, swali hilo halijibiki kabla ya kujua mkopo hufanyaje kazi, na kama huo tunaouita mkopo huku kwetu unatimiza masharti ya mkopo.

Tuanze na mchezaji mwenyewe. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na klabu, na ambaye malipo yake yanazidi gharama anazoingia kwa ajili ya kucheza. Asiyetimiza masharti hayo mawili ni mchezaji wa ridhaa, hata awe hodari namna gani. Mkopo ni makubaliano ya maandishi ambayo kwayo klabu yenye mchezaji wa kulipwa humruhusu aichezee klabu nyingine kwa muda uliowekwa, kisha arudi. Mkataba wake wa kwanza haufi, bali majukumu yake husimama kwa muda huo, isipokuwa pande husika zimeandika vinginevyo. Usajili huhamia klabu inayompokea. Mshahara hulipwa na klabu hiyo, au klabu mbili hugawana. Mchezaji naye lazima aridhie.

Faida yake inaonekana wazi kwa makipa. Timu huanzisha kipa mmoja tu, na kipa wa tatu anaweza kumaliza msimu mzima bila kugusa mpira wa mashindano. Chelsea ilimnunua Thibaut Courtois mwaka 2011 akiwa bado kijana, ikamkopesha Atlético Madrid kwa misimu mitatu, na mwaka 2014 akatwaa ubingwa wa Uhispania. Michael Olunga, mshambuliaji wetu wa Kenya, alikuwa mchezaji wa klabu ya China alipokopeshwa Girona, na Januari 2018 akapachika mabao matatu katika mechi moja dhidi ya Las Palmas. Bila mkopo, mlango ule wa ligi kuu ya Uhispania huenda usingemfungukia wakati ule.

Ubaya huanza pale klabu tajiri inaponunua vijana wengi kuliko inavyoweza kuwatumia, ikawatawanya kwa mikopo na kungoja bei ipande. Kuna misimu ambayo Chelsea ilikuwa na wachezaji zaidi ya 30 waliokopeshwa kwa wakati mmoja. Kijana wa namna hiyo huhama nchi kila mwaka, hajui kocha wake wa kesho ni nani, na pengine asivae hata mara moja jezi ya klabu iliyomwajiri. Klabu ndogo nayo huzoea kuishi kwa wachezaji wa watu, ikaacha kulea wake.

Ubaya wa pili unagusa haki ya mashindano yenyewe. Mwaka 2014 Atlético ilipangwa na Chelsea katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, na likazuka swali kama Courtois angeruhusiwa kucheza dhidi ya mwajiri wake bila malipo ya ziada. UEFA ikatamka kwamba kipengele chochote kinachoipa klabu moja uwezo wa kuamua nani aichezee klabu nyingine hakina nguvu. Courtois alicheza, Atlético ikasonga mbele. Katika Ligi Kuu ya Uingereza, kinyume chake, mchezaji wa mkopo haruhusiwi kucheza dhidi ya klabu iliyomkopesha. Kwa hiyo hata wakubwa hawajaafikiana.

FIFA yenyewe ilipima hoja hizi na haikuchagua kufuta. Kanuni zilizoanza kutumika Julai 1, 2022 ziliweka ukomo: mkopo usizidi mwaka mmoja, mchezaji aliyekopeshwa asikopeshwe tena kwa klabu ya tatu, na klabu mbili zisipeane wachezaji zaidi ya watatu kwa msimu. Idadi ya mikopo ya kimataifa kwa klabu moja ilishushwa hatua kwa hatua, kutoka 8 hadi 7, kisha 6 kuanzia Julai 2024, iwe ni kutoa au kupokea. Vijana wa miaka 21 kurudi chini na wale waliolelewa na klabu yenyewe hawahesabiwi. Mashirikisho ya nchi yalipewa miaka mitatu kutunga kanuni zao za ndani zinazoendana na hizo.

Sasa tuvuke Likoni, turudi kusini. Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa Msambweni anaichezea timu ya mtaani. Asubuhi anakwenda baharini au anaendesha bodaboda, jioni yuko uwanjani, na siku ya mechi anapewa nauli na chakula. Timu moja ya Mombasa inamtaka. Mwenyekiti wa Msambweni anapigiwa simu, wanaelewana kwamba kijana atakwenda "kwa mkopo" hadi mwisho wa msimu. Hakuna karatasi.

Tupime kwa vigezo tulivyoviweka. Kijana hana mkataba wa maandishi. Nauli na chakula havizidi gharama zake. Yeye ni mchezaji wa ridhaa, na mchezaji wa ridhaa hakopesheki. Timu ya Msambweni haina mkataba wa kusimamisha, kwa hiyo haina inachoweza kudai kirudishwe. Mombasa ikishamsajili, ni wake. Makubaliano ya simu yanategemea uungwana wa watu wawili, na mmoja wao akiondoka uongozini yanaondoka naye.

Hasara hiyo ina kiasi kinachoweza kuhesabika. Kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kuwa mchango wa mshikamano, yaani fungu la klabu zilizomlea mchezaji tangu msimu wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu kati ya miaka 12 na 15 huipa klabu husika asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu kuanzia miaka 16 huipa asilimia 0.5. Iwapo kijana wetu alikaa Msambweni katika misimu yake ya miaka 16, 17 na 18, na baadaye akauzwa ng'ambo kwa dola milioni 1, fungu la Msambweni ni dola 15,000. Timu ya kijijini inaweza kununua mipira, jezi na usafiri wa miaka kadhaa kwa fedha hizo. Fungu hilo hukatwa hata katika ada ya mkopo. Lakini hulipwa kwa kufuata pasi ya mchezaji, yaani kumbukumbu rasmi ya klabu zilizomsajili. Msimu ambao haukusajiliwa haumo, hata kama kijiji kizima kinaukumbuka.

Kuna jambo jingine linaloniuma kuliko fedha: goti. Kijana akiumia Mombasa katika mpango wa simu, nani anamlipia matibabu? Timu iliyompokea itasema ni wa Msambweni, na Msambweni itasema alikuwa huko. Katika mkopo halali swali hilo hujibiwa kabla hajapanda matatu.

Hapo ndipo hukumu yangu inapoegemea. Kuufuta mkopo kungewanyima akina Olunga njia na makipa wa tatu uwanja, na kusingemsaidia kijana wa Msambweni hata kidogo, kwa kuwa yeye hajawahi kuwa ndani ya mfumo huo. Ukomo wa FIFA ni tiba ya ugonjwa wa matajiri. Ugonjwa wetu ni kukosekana kwa maandishi.

Matengenezo yaanzie chini, kwa mpangilio. Kwanza, Shirikisho la Soka la Kenya (FKF) na tawi lake la Kwale wahakikishe kila kijana aliyefikisha miaka 12 anasajiliwa kwenye timu anayoichezea, kwa gharama ambayo timu ya kijiji inaimudu. Pili, timu zinazoweza kulipa chochote cha maana ziandike mikataba, ijapokuwa ya mwaka mmoja, ili ziwe na kitu cha kukopesha. Tatu, iwepo fomu moja fupi ya Kiswahili ya mkopo wa ndani, yenye tarehe ya kurudi, anayelipa posho na anayelipa matibabu, itiwe saini na klabu mbili na mchezaji, na mzazi pia ikiwa hajatimiza miaka 18. Salim Mvurya, aliyekuwa gavana wa Kwale kuanzia 2013 hadi 2022, alikabidhiwa wizara ya michezo Desemba 2024, na viwanja vya Msambweni na Diani anavifahamu. Anaweza kuisukuma fomu hiyo, kwani haihitaji bajeti ya uwanja mpya.